Vinara wa Nyuklia: Rekodi Kumi na Tano za Kuzijua Kabla ya Kubishana

Kanda ya Kaskazini iko mwisho wa nyaya. Umeme mwingi wa Tanzania hufuliwa mbali na Mlima Meru: Rufiji kwenye Bwawa la Julius Nyerere, Dar es Salaam kwenye mitambo ya gesi, na kwenye mabwawa ya Kidatu, Mtera na Kihansi. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza kwamba mikoa ya kaskazini ingenunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya, kwa sababu ule unaotoka mbali hupotea njiani. Njia ya kilovolti 400 inayotoka Singida, ikapita Arusha na Namanga hadi Isinya nchini Kenya, ndiyo iliyowezesha biashara hiyo.

Wakati huohuo majirani zetu wanazungumzia nyuklia. Kenya ina wakala wa serikali wa kazi hiyo, Uganda imetenga eneo Buyende, na Rwanda imetia saini mikataba ya utafiti. Mjadala ukifika kwetu sawasawa, wengi watauingia wakiwa na picha mbili tu kichwani: bomu la Hiroshima na moshi wa Chernobyl. Picha hizo ni za kweli, lakini hazitoshi. Hizi hapa ni rekodi kumi na tano, nyingine za dunia nzima, nyingine za Afrika, na nyingine za hapahapa kwetu.

1. Urani iliyo jirani zaidi na Arusha: Minjingu

Ukishika barabara ya Babati kutoka Arusha, ukapita Makuyuni, baada ya kilomita zipatazo 100 unaingia Minjingu, mkoani Manyara. Wakulima wanaijua kwa mbolea yake. Fosfeti ya hapo iligunduliwa mwaka 1956, na waliogundua hawakuwa wakitafuta mbolea: walikuwa angani wakisaka urani kwa ndege, vyombo vyao vikanasa mionzi kutoka ardhini karibu na Ziwa Manyara.

Asili ya mali hiyo ni ndege wa majini. Zamani ziwa lilikuwa kubwa kuliko lilivyo leo na kilima cha Minjingu kilikuwa kisiwa. Mnandi walikaa humo kizazi baada ya kizazi, na kinyesi na mifupa yao vikarundikana hadi vikawa mwamba. Fosfeti ina tabia ya kuinasa urani iliyoyeyuka majini, ndiyo maana vipimo vimeonyesha mamia ya gramu za urani katika kila tani ya mwamba huo, zaidi ya mara mia ya wastani wa miamba ya dunia. Rössing, mgodi mkubwa wa urani nchini Namibia, huchimba mwamba wenye kiwango kinachokaribiana na hicho. Wanachozidi wenzetu ni wingi wa mwamba wenyewe. Hazina ya Minjingu ni ndogo. Mwaka 2000 wataalamu wa Tume ya Taifa ya Mionzi, yenye makao Arusha wakati huo, walichapisha vipimo vya mionzi katika mgodi huo. Kwa hiyo mtu wa kaskazini asidhani urani ni kitu cha nchi za mbali.

2. Saa yenye subira kuliko zote: Olduvai

Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliliona fuvu la Zinjanthropus katika Bonde la Olduvai, wilayani Ngorongoro. Umri wake ulikuwa wa kukisia. Mwaka 1961 ndipo lilipotolewa jibu la kipimo: miaka milioni 1.75, zaidi sana ya walivyodhani wengi.

Jibu hilo lilitoka ndani ya atomu. Majivu ya volkano yana potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hubadilika polepole kuwa gesi ya agoni. Nusu yake humalizika kubadilika baada ya miaka bilioni 1.25. Ukipima agoni iliyonaswa ndani ya fuwele, unajua majivu yalitua lini. Kwa njia hiyohiyo nyayo za Laetoli zimepewa umri wa miaka milioni 3.66. Olduvai ni miongoni mwa sehemu za mwanzo duniani ambako saa hiyo ilitumika kupima historia ya binadamu.

Mabadiliko ya namna hiyo ndani ya atomu za urani, thori na potasiamu ndiyo yanayozalisha karibu nusu ya joto linalotoka ndani ya dunia. Mlima Meru, wenye mita 4,566, ulitoa majivu mara ya mwisho mwaka 1910. Nyuklia ilikuwa ikifanya kazi chini ya miguu yetu kabla ya mtu yeyote kuipa jina.

3. Kinu kikongwe kuliko vyote: Oklo, Gabon

Mwaka 1972 mafundi wa kiwanda kimoja cha Ufaransa waliona kasoro ndogo katika urani kutoka Gabon. Urani ya asili popote duniani huwa na asilimia 0.7202 ya aina iitwayo urani-235. Hii ilikuwa na 0.7171. Kiasi kilichopungua kilikuwa kidogo, lakini kilikuwa kimekwenda wapi? Uchunguzi ukaonyesha kwamba kilikwisha kuungua. Miaka ipatayo bilioni mbili iliyopita, maji ya ardhini yaliingia katika mwamba wa Oklo na kuwasha mpasuko wa atomu wenyewe kwa wenyewe. Kinu hicho cha asili kiliwaka na kuzimika kwa mamia ya maelfu ya miaka, bila mhandisi wala jengo. Mpaka leo hakijapatikana kingine cha asili nje ya eneo hilo.

4. Madini tajiri kuliko yote: Shinkolobwe, Katanga

Karibu na Likasi, katika nchi ya Kiswahili cha Katanga, uko mgodi ambao mawe yake bora yalikuwa na hadi asilimia 65 ya oksidi ya urani. Migodi mingi ya wakati huo ilihesabu akiba yake kwa sehemu ndogo ya asilimia moja. Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Union Minière, alihamisha tani zipatazo 1,200 za madini hayo hadi Staten Island, New York, mwaka 1940. Mzigo huo, pamoja na mingine iliyoufuata, ndio uliolipatia jeshi la Marekani sehemu kubwa ya urani ya bomu lake la kwanza.

Wachimbaji wa Kikongo waliyachambua mawe hayo kwa mikono. Waliobeba mzigo mzito kuliko wote hawakuulizwa wala hawakuelezwa wanabeba nini. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, lakini wachimbaji wadogo walirudi kutafuta kobalti, na mwaka 2004 sehemu yake iliporomoka na kuua watu. Kila mkataba wa urani Afrika usomwe ukiwa na Shinkolobwe mbele ya macho.

5. Kinu cha kwanza katika Afrika: Kinshasa, 1959

Si Afrika Kusini wala Misri iliyotangulia. Kinu cha kwanza cha utafiti barani kiliwashwa mwaka 1959 katika Chuo Kikuu cha Lovanium, mjini Léopoldville, Kinshasa ya leo. Nguvu yake ilikuwa kilowati 50 tu za joto. Baadaye kikajengwa cha pili chenye nguvu zaidi, nacho kikazimwa mwaka 2004. Kati ya fimbo zake za fueli, mbili ziliibwa. Moja ilikamatwa Italia mwaka 1998 na ya pili haijaonekana. Ulinzi si jambo la kuongezewa baadaye.

6. Umeme wa kwanza wa nyuklia: balbu nne

Tarehe 20 Desemba 1951, katika jangwa la Idaho nchini Marekani, kinu kidogo kiitwacho EBR-I kiliwasha balbu nne za wati 200. Mtambo wa kwanza kuingiza umeme kwenye gridi ulikuwa wa Obninsk, Urusi, tarehe 27 Juni 1954, wenye megawati 5. Ulifanya kazi hadi 2002. Kuanzia hapo kanuni haijabadilika sana, na inaeleweka bila shahada ya fizikia.

Atomu ya urani-235 ikigongwa na chembe iitwayo nyutroni, hupasuka vipande viwili na kutoa joto pamoja na nyutroni nyingine mbili au tatu. Hizo nazo hupasua atomu nyingine, na mnyororo unaendelea. Ukiachwa ovyo, unakwenda kasi. Ndiyo maana kinu kina vyuma vya kudhibiti vinavyomeza nyutroni. Vikishushwa, moto hupungua. Vikishushwa vyote, mpasuko husimama.

Joto hilo hubebwa na maji. Katika vinu vya aina iliyoenea zaidi, maji yanayozunguka ndani ya kinu hufikia nyuzi zaidi ya 300 za selsiasi bila kuchemka, kwa sababu yamebanwa kwa shinikizo kubwa. Hupita kwenye mabomba na kupasha maji mengine yasiyogusana nayo, ambayo ndiyo yanayogeuka mvuke. Mvuke husukuma mapanga ya mashine, mashine huzungusha jenereta, na umeme huenda kwenye transfoma. Kwa maneno mengine, mtambo wa nyuklia ni birika kubwa lenye jiko la namna ya pekee. Kuanzia mvuke na kuendelea, hauna tofauti kubwa na mtambo wa makaa ya mawe.

Tofauti ya hatari iko kwenye jambo moja. Mpasuko ukisimama, vipande vya atomu vilivyobaki huendelea kutoa joto kwa siku, wiki na miezi. Jiko la makaa likizimwa linapoa. Kinu kikizimwa bado kinahitaji maji ya kukipoza. Ajali ya Fukushima, Japani, ilianzia hapo.

7. Fueli yenye nguvu nyingi katika umbo dogo

Fueli ya kinu ni punje za oksidi ya urani, kila moja ikilingana na ncha ya kidole cha mtoto. Punje moja hutoa nishati inayokaribia ile ya tani moja ya makaa ya mawe. Kinu cha megawati 1,000 hutumia tani 20 hadi 30 za fueli kwa mwaka. Mtambo wa makaa wenye ukubwa huo huhitaji takribani tani milioni tatu. Kwa malori ya tani 30 yanayoonekana yakishuka kutoka migodi ya Ruvuma, hiyo ni safari 100,000 kila mwaka, dhidi ya lori moja la urani. Wanaounga mkono nyuklia hawajabuni hoja hii. Ni hesabu, na inasimama. Tena hewa inayotoka kwenye mtambo haina moshi wala kaboni ya kuungua.

8. Mtambo mkubwa kuliko yote, na ule wa pekee Afrika

Kashiwazaki-Kariwa, Japani, una vinu saba vyenye jumla ya megawati 7,965. Bwawa la Nyerere, fahari yetu, lina mashine tisa za megawati 235, jumla 2,115. Hata hivyo ukubwa haukuukinga mtambo huo wa Wajapani: baada ya Fukushima vinu vyote saba vilinyamaza kwa miaka mingi.

Afrika ina mtambo mmoja tu wa umeme wa nyuklia unaofanya kazi, Koeberg, karibu na Cape Town. Vinu vyake viwili vilianza mwaka 1984 na 1985 na vina megawati zipatazo 1,860. Misri inajenga El Dabaa, vinu vinne vya megawati 1,200 kila kimoja, tangu Julai 2022. Ng'ambo ya bahari, ambako Waswahili wengi wana ndugu na kazi, Falme za Kiarabu zimekamilisha Barakah: vinu vinne, megawati 5,600, karibu robo ya umeme wa nchi nzima. Duniani, Ufaransa inaongoza kwa kutegemea nyuklia. Karibu theluthi mbili ya umeme wake hutoka huko.

9. Mtambo ulioishinda kiu: Palo Verde

Rekodi hii inamhusu mtu wa Arusha kuliko zote za ng'ambo. Theluthi mbili ya joto la kinu haigeuki umeme. Lazima liende mahali, na kwa kawaida huenda baharini, ziwani au mtoni. Palo Verde, katika jangwa la Arizona, ndio mtambo mkubwa wa nyuklia duniani usiokuwa kando ya maji makubwa. Vinu vyake vitatu hupozwa kwa majitaka yaliyosafishwa kutoka jiji la Phoenix na miji jirani, karibu lita milioni 200 kila siku.

Sasa linganisha. Mradi mkubwa wa maji wa Jiji la Arusha, uliogharimu shilingi bilioni 520, ulilenga kuzalisha lita milioni 200 kwa siku. Yaani maji yote ya kunywa, kupikia na kufulia ya jiji zima ndiyo kiu ya mtambo mmoja wa namna hiyo. Themi, Naura na Kijenge ni vijito. Haviwezi kazi hiyo. Anayeota kinu kikubwa chini ya Meru aanze na swali la maji, na nadhani ataishia hapohapo. Tanzania ikijenga siku moja, ni ukanda wa bahari au maziwa makuu, na Arusha itaupata umeme huo kwa nyaya kama inavyoupata sasa.

10. Ajali mbaya kuliko zote

Ajali mbili zimepewa daraja la saba, la juu kabisa. Chernobyl, 26 Aprili 1986: kinu namba nne kililipuka katikati ya jaribio lililoendeshwa vibaya, kwenye mtambo uliokuwa na kasoro za usanifu. Wafanyakazi na wazima moto wapatao 30 walikufa ndani ya miezi michache. Makadirio ya Umoja wa Mataifa ni kwamba vifo vya saratani miongoni mwa waliopata mionzi mingi zaidi vinaweza kufika 4,000. Fukushima, 11 Machi 2011: tetemeko lilipopiga, vinu vilijizima salama, lakini wimbi la bahari lilivuka ukuta, likazamisha jenereta za dharura, na maji ya kupoza yakakosekana. Watu wapatao 160,000 waliacha makazi yao.

Lakini ajali iliyoua watu wengi kuliko zote katika historia ya kufua umeme haikuwa ya nyuklia. Agosti 1975 bwawa la Banqiao, China, lilipasuka na kuua makumi ya maelfu. Nayo makaa ya mawe huua kimya kimya, kwa moshi, mwaka hadi mwaka. Kwa kila kiasi cha umeme kinachozalishwa, makadirio yanaonyesha yanaua mamia ya mara zaidi ya nyuklia, hata ajali zote mbili zikihesabiwa.

Sisi tulio kando ya Bonde la Ufa tuongeze jambo letu. Julai 2007 matetemeko ya Gelai na Natron yalitikisa Arusha hadi Nairobi, na Septemba mwaka huo Ol Doinyo Lengai ukalipuka. Ardhi yetu bado inatembea. Uchaguzi wa eneo si suala la siasa za mikoa.

11. Ucheleweshaji na bei zilizovunja rekodi

Finland ilianza kujenga kinu cha Olkiluoto 3 mwaka 2005 ikitarajia kukiwasha 2009. Kilianza uzalishaji wa kawaida Aprili 2023. Marekani nayo imemaliza vinu viwili vipya vya Vogtle, Georgia, kwa zaidi ya dola bilioni 30. Kwa fedha zetu hizo ni zaidi ya shilingi trilioni 70. Bajeti nzima ya Tanzania ya mwaka 2025/26 ilikuwa trilioni 56.49.

Vogtle mpya una megawati zipatazo 2,200, karibu sawa na Bwawa la Nyerere lililogharimu kama trilioni 6.5. Haki inataka tuseme na upande wa pili: bwawa hutegemea mvua, na kwa mwaka mzima hutarajiwa kutoa kama theluthi moja ya uwezo wake, wakati kinu kizuri hufanya kazi zaidi ya asilimia 90 ya muda. Kwa hiyo vinu hivyo viwili hutoa karibu mara tatu ya umeme wa bwawa. Hata hivyo bei ni zaidi ya mara kumi. Wakorea waliojenga Barakah walijenga kwa bei nafuu kuliko Wamarekani, na vinu vidogo vinaahidiwa kushusha gharama zaidi. Ahadi hiyo bado inasubiri kuthibitishwa.

12. Kaburi la muda mrefu kuliko yote: Onkalo

Fueli iliyotumika ndiyo hoja ngumu kuliko zote za wapinzani. Plutoniamu iliyomo humo hupungua nusu baada ya miaka 24,100. Nchi karibu zote zenye vinu zimeihifadhi kwenye mabwawa na makasha juu ya ardhi, zikisubiri suluhisho. Finland imechonga mahandaki ya Onkalo kwenye mwamba mgumu, kina cha mita zipatazo 430. Fueli itatiwa kwenye makopo ya shaba, itazungushiwa udongo wa mfinyanzi unaovimba, na kufukiwa moja kwa moja. Kaburi hilo limesanifiwa kudumu miaka 100,000. Nchi inayotaka kinu ieleze taka zitalala wapi kabla ya jiwe la msingi.

13. Ushindi mkubwa kuliko wote wa mionzi nchini: Unguja

Wengi hawajui kwamba nyuklia imekwisha kuitumikia Tanzania kwa namna ambayo wafugaji wanaweza kuisimulia. Mbung'o wa Unguja walikuwa wakieneza nagana kwa ng'ombe. Kuanzia 1994 wataalamu wa Tanga, wakisaidiwa na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, walifuga mbung'o kwa wingi, wakawapiga madume mionzi ya gama hadi wakawa tasa, kisha wakawamwaga kisiwani kwa ndege. Jike wa mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja maishani. Akipandwa na tasa, hazai. Zaidi ya madume milioni nane waliachiwa. Mbung'o wa mwisho wa porini alionekana Septemba 1996, na mwaka uliofuata kisiwa kikatangazwa kuwa huru. Ng'ombe na maziwa yakaongezeka.

14. Mabishano makali kuliko yote Afrika Mashariki: Uyombo

Serikali ya Kenya ilichagua Uyombo, Kilifi, kuwa mahali pa kinu cha kwanza cha nchi hiyo. Wavuvi waliona bahari yao na utalii wa Watamu hatarini; msitu wa Arabuko-Sokoke nao uko jirani. Kituo cha haki na mazingira kinachoongozwa na Phyllis Omido, mshindi wa tuzo ya Goldman ya 2015, kilisimama na wananchi. Mei 2024 waandamanaji walikabiliana na polisi. Mwaka 2025 mpango ukahamishiwa Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Uyombo umefundisha kwamba wananchi wakishirikishwa baada ya uamuzi, hata hoja nzuri hugeuka ugomvi.

Kwetu jaribio hilo liko Namtumbo, mkoani Ruvuma, kwenye urani ya Mto Mkuju. Mwaka 2011 mradi ulinunuliwa na kampuni ya Rosatom ya Urusi; mwaka 2012 mpaka wa Pori la Akiba la Selous ulirekebishwa ili kuupisha mgodi; na tarehe 30 Julai 2025 Rais Samia alizindua kiwanda cha majaribio. Urani ya Mkuju itasafirishwa. Kuuza urani hakutupi umeme, kama ambavyo kuuza pamba mbichi hakujawahi kutupa shati. Maji ya chini ya ardhi na afya ya watu wa Namtumbo vipimwe, na matokeo yabandikwe hadharani.

15. Mlinzi aliye jirani kuliko wote: TAEC, Njiro

Tanzania ilijiunga na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki mwaka 1976. Sheria ya 1983 ikaunda Tume ya Taifa ya Mionzi, na sheria ya 2003 ikaibadili kuwa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC). Maabara zake za Njiro, Arusha, hupima mionzi katika vyakula vinavyoingia na kutoka nchini, na hukagua mashine za eksirei, vyanzo vya mionzi viwandani na migodini.

Kazi yake moja inafaa kutazamwa kwa karibu. Mhudumu wa chumba cha eksirei hubandika kifuani kibati kidogo. Ndani yake mna fuwele ndogo zinazohifadhi kumbukumbu ya kila mionzi iliyompata. Baada ya muda kibati hurudishwa maabara, fuwele hupashwa joto, nazo hutoa mwanga. Mwanga ukiwa mwingi, mionzi ilikuwa mingi. Kiwango kinachoruhusiwa kwa mfanyakazi kimataifa ni wastani wa milisiviti 20 kwa mwaka, na kwa raia wa kawaida milisiviti 1. Nchi inajenga uaminifu wa nyuklia kwa kazi kama hii, inayofanywa kila siku bila kamera. Pale Tengeru, Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iko tayari kulea vijana wa kuiendeleza.

Hukumu

Nyuklia si shetani wala si mkombozi. Ni safi hewani, ni ya kutegemewa usiku na mchana, na kwa vifo ni salama kuliko makaa. Ni ghali mno, inataka maji mengi, na taka zake zinaishi kuliko dola yoyote iliyowahi kutawala. Kwa Tanzania ya leo, yenye maji, gesi, jua na jotoardhi la Bonde la Ufa, sioni sababu ya kukimbilia kinu. Naona kila sababu ya kukimbilia wataalamu: wanafizikia, wahandisi, wapimaji wa mionzi na wanasheria wa kusoma mikataba ya urani. Kinu, tangu kupangwa hadi kuwashwa, mara nyingi huchukua miaka kumi au zaidi. Mtaalamu wa kukisimamia huchukua muda huohuo kuandaliwa.

Msomaji, siku utakapoitwa kwenye mkutano wa hadhara kuhusu nyuklia, nenda, na uulize maswali manne: maji yatatoka wapi, taka zitalala wapi, deni litalipwa na nani, na vipimo vitachapishwa wapi. Asiyeweza kukujibu yote manne hajawa tayari kujenga.